Digrii ya mtandaoni kwa bei chee: kazi iliyopunguzwa inafanywa na nani?

University of the People ni chuo cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 2009 na Shai Reshef, mfanyabiashara kutoka Israeli. Hakitozi karo. Mwanafunzi analipa dola 60 za maombi, kisha ada ya tathmini kwa kila kozi anayosoma. Kwa miaka mingi ada hiyo ilikuwa dola 100 kwa kozi za shahada ya kwanza, na kwa kuwa digrii ina kozi 40, jumla ilikuwa dola 4,060 tangu mwanzo hadi mwisho. Baadaye ada imepanda zaidi ya mara moja. Anayeomba leo apige hesabu kwa bei ya leo, akikumbuka kwamba kila dola 20 inayoongezwa kwenye kozi moja ni dola 800 kwenye digrii nzima. Hata ikipanda, bado ni fedha ambazo vyuo vingi vya huko huko Marekani vingezimaliza kwa muhula mmoja.

Mtu akisikia bei hiyo, ama anasema ni utapeli, ama anakimbilia kujaza fomu. Wachache huuliza swali la maana: chuo kinawezaje kufundisha kwa fedha hizo? Jibu lake ndilo linaloeleza faida zote za elimu hii na karibu matatizo yake yote.

Gharama za chuo ziko za aina mbili. Kuna kuandaa kozi: mtaala, maandiko, maswali, mtambo wa kuziweka mtandaoni. Hiyo ni gharama ya mara moja, na ikishalipwa, mwanafunzi wa elfu kumi haongezi kitu cha kutajika. Halafu kuna kumshughulikia mwanafunzi mwenyewe: kusoma insha yake, kumwandikia maoni, kumjibu anapokwama, kumsimamia kwenye mtihani. Hii inaongezeka kwa kila kichwa kinachoingia. Chukua darasa la watu 30 wanaoandika insha moja kwa wiki kwa wiki 8. Mwalimu akitumia dakika 20 tu kwa kila insha, ni dakika 4,800, yaani saa 80, sawa na wiki mbili nzima za kazi kwa kozi moja, na hapo hajafundisha wala kujibu barua pepe.

Intaneti imeshusha gharama ya kwanza ikawa karibu na bure. Ya pili haijaigusa. Chuo kinachotaka kuuza digrii kwa bei ndogo lazima kifanye kitu kuhusu zile saa 80, na njia si nyingi: kuondoa insha na kuweka maswali ya kuchagua yanayosahihishwa na kompyuta, kutumia walimu wa kujitolea au wanaopewa posho ndogo, au kuwapa wanafunzi wasahihishane. University of the People kimetumia zote tatu. Vitabu navyo hakinunui, bali kinatumia maandiko huria yanayopatikana bure kisheria. Ukilinganisha, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kilijengwa juu ya mkufunzi mwenye kikundi kidogo, anayesahihisha kazi na kuziandikia maoni marefu. Ndiyo maana kukiendesha hakujawahi kuwa kwa bei chee.

Palipojaribiwa kuondoa mtu

Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua darasa la bure la akili bandia kupitia Chuo Kikuu cha Stanford, wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata Udacity na Coursera, kampuni za kozi za mtandaoni, zilikuwa midomoni mwa kila mtu, na wapo waliotabiri kwamba vyuo vya kawaida vimefika mwisho. Januari 2013 Chuo Kikuu cha Jimbo la San Jose, California, kikaingia mkataba na Udacity kutoa kozi tatu za mwanzo kwa dola 150 kila moja, mojawapo ikiwa hisabati ya kuwainua waliobaki nyuma. Matokeo yalitoka mabaya kiasi kwamba Julai mwaka huo huo mpango ulisimamishwa. Waliofeli zaidi ni wale wale waliokusudiwa kusaidiwa: waliokuwa dhaifu tangu awali, baadhi wakiwa hawana hata kompyuta ya uhakika.

Takwimu za baadaye zilionyesha hali ile ile kwa upana zaidi. Uchambuzi wa kozi huria za Harvard na MIT uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019 ulikuta kwamba katika mwaka wa masomo wa 2017/18, waliomaliza walikuwa kama 3 kati ya kila 100 waliojiandikisha. Zaidi ya nusu ya wanaojiandikisha hawakufungua hata ukurasa wa kwanza wa masomo. Lakini kwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa 46 kati ya 100. Fedha kidogo iliyotoka mfukoni inachuja wasio na nia. Pengine ndiyo faida ambayo haitajwi ya ada ndogo kuliko kutotoza chochote.

Upande wa pili kuna taasisi ya Georgia Tech, iliyoanza mwaka 2014 kutoa shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta mtandaoni kwa takriban dola 7,000 nzima. Maelfu wamehitimu. Wachumi Joshua Goodman, Julia Melkers na Amanda Pallais walipoichunguza, waligundua kwamba haikunyang'anya vyuo vingine wanafunzi: wengi walioingia wasingesoma popote kama isingekuwepo. Mbona hii ilifaulu pale San Jose ilipoanguka? Waliodahiliwa walikuwa tayari na shahada ya kwanza, wengi wana kazi, na wanajua kusoma peke yao. Tena chuo hakikuondoa watu. Kinaajiri mamia ya wasaidizi wa kufundisha, wengine wakiwa wahitimu wa programu hiyo hiyo, wanaosahihisha na kujibu maswali. Mwaka 2016 profesa mmoja wa hapo, Ashok Goel, alichanganya miongoni mwa wasaidizi programu ya kompyuta iliyopewa jina la Jill Watson, na wanafunzi wengi hawakugundua. Ilijibu maswali ya ratiba na utaratibu. Kusahihisha kulibaki kwa watu.

Wiki moja inavyokwenda

Turudi University of the People, kwa sababu ndiko Waafrika Mashariki wengi wanakoangalia, na kwa sababu mpangilio wake unaonyesha wazi kazi iliyohamia kwa mwanafunzi.

Mwaka una mihula mitano ya wiki tisa. Wiki nane ni za masomo, ya tisa ni ya mtihani. Kozi ya kawaida ina vipimo 3 vya masomo (credits), na kwa desturi ya Marekani kipimo kimoja kinahesabiwa kuwa saa 45 za kazi. Kwa hiyo kozi ni saa 135, na ukizigawa kwa wiki tisa unapata saa 15 kwa wiki. Chuo chenyewe hutaja kiasi hicho hicho. Ukichukua kozi mbili kwa muhula unamaliza kozi 10 kwa mwaka, digrii kwa miaka minne, na wiki yako ina saa 30 za masomo. Sheria ya ajira ya Tanzania inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Jumlisha: 75, kabla ya foleni ya barabarani, watoto na misiba. Ukichukua kozi moja moja, mzigo unabebeka, ila digrii inakuwa ya miaka minane. Matangazo huonyesha miaka minne.

Ndani ya wiki kuna maandiko ya kusoma, swali la mjadala, kazi ya kuandika, na mara nyingi shajara ya masomo na maswali ya kujipima. Hakuna mhadhara wa video wa lazima wala kipindi cha moja kwa moja. Wengine wanauona huo kuwa upungufu, lakini ni uamuzi uliofanywa kwa makusudi, kumfaa mtu mwenye intaneti ya kusuasua. Kwenye mjadala unaandika jibu lako, kisha unawajibu wenzako watatu. Kinachoharibika hapa kila wiki ni kile kile: nusu ya darasa inasubiri siku ya mwisho, kwa hiyo anayetaka kujibu wenzake mapema hakuti cha kujibu, na anayechelewa anakuta muda umekwisha. Dawa yake ni kuweka jibu lako Jumamosi au Jumapili, na kutenga nusu saa Jumanne kwa ajili ya majibu matatu.

Saa nazo zina mtego. Wiki inaanza Alhamisi na kufungwa Jumatano saa 5:55 usiku, lakini kwa saa za chuo, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa nane mwaka mzima. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni Alhamisi saa 1:55 asubuhi. Bujumbura, Kigali na Bukavu ni saa 12:55 asubuhi. Muscat ni saa 2:55. Anayejipa usiku mzima wa Jumatano anadhani amepata zawadi. Umeme ukikatika alfajiri, au bando likiisha akiwa kwenye daladala, kazi haipokelewi tena, na hakuna ofisi ya kwenda kubisha hodi. Wenye uzoefu hufanya kana kwamba wiki inaisha Jumanne.

Kusahihishana ndiko kunakolalamikiwa kuliko yote. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa hivi (anayeanza leo aulize kama bado ndio huo): kazi uliyowasilisha wiki hii, wiki ijayo inasomwa na wenzako watatu waliopangwa na mtambo, wanaipa alama kwa kufuata jedwali la vigezo. Wewe pia unapewa kazi tatu. Mtu akisahihishiwa hesabu za uhasibu na mwenzake ambaye naye hazijui, alama inategemea bahati. Kuna wanaogawa alama za juu kwa kila mtu ili wasisumbuliwe, kuna wanaobana kwa roho mbaya, na kuna wanaoandika "kazi nzuri" na kupita. Mwalimu ana uwezo wa kubadilisha alama, ila hafanyi hivyo bila kuambiwa.

Mwanafunzi anayetaka kuupita mtego huu huandika kazi yake kwa vichwa vidogo vinavyofuata jedwali la vigezo, kigezo kimoja kichwa kimoja, ili hata msahihishaji mvivu akione anachopaswa kukihesabu. Akionewa, humwandikia mwalimu mapema, ujumbe mfupi unaotaja kigezo, alama aliyopewa na mahali kwenye kazi yake kinapojibiwa. Ujumbe wa "nimeonewa" haufiki popote. Na tuseme haki: kusoma kazi tatu za watu wengine kila wiki kunafundisha kuandika kuliko mihadhara mingi. Tatizo ni kusoma huko kugeuzwa kuwa ndicho kipimo.

Udanganyifu, na bei ya kuuzuia

Chuo kisichomwona mwanafunzi wake kinajuaje nani kaandika? Biashara ya kuandikia watu kazi za chuo ni ya zamani, na Nairobi imekuwa miongoni mwa makao yake makuu: vijana wenye digrii zao wanawaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Uingereza ilipiga marufuku huduma hizo kwa sheria ya mwaka 2022. Novemba mwaka huo huo ikatoka ChatGPT, na insha ya maneno 500 ikawa kazi ya sekunde kumi bila kumlipa mtu. Kozi zilizojengwa juu ya mijadala na insha fupi ziliumia kwanza, kwa sababu mashine inaandika, mashine inajibu mjadala, na msahihishaji mwenzako naye anaweza kuitumia mashine hiyo hiyo kukupa alama.

Jibu la vyuo limekuwa kuongeza mitihani yenye msimamizi. University of the People kimekuwa na baadhi ya kozi zenye mtihani wa namna hiyo tangu zamani. Msimamizi wa mtandaoni anataka kamera, maikrofoni, chumba ambamo upo peke yako, kitambulisho, na intaneti isiyokatika kwa muda wote wa mtihani. Hapo ile digrii iliyobuniwa kwa mtu mwenye simu na bando dogo inamtaka ghafla kompyuta na waya wa uhakika. Kibanda cha intaneti hakifai kwa kuwa kuna watu wengine. Chumba cha kupanga chenye ukuta mwembamba na redio ya jirani kinaweza kukuletea onyo. Gharama iliyotolewa mlangoni imerudi dirishani, na safari hii anayeilipa ni mwanafunzi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, kilitatua jambo hili kwa njia ya kizamani: vituo vya mikoa, ambako mwanafunzi anasafiri kwenda kukaa kwenye chumba cha mtihani mbele ya macho ya mtu. Ni usumbufu na nauli. Lakini matokeo ya mtihani wa namna hiyo hayaulizwi maswali.

Ithibati ni kitu kimoja, kutambuliwa ni kingine

Hapa ndipo watu hupoteza miaka. Ithibati hutolewa na chombo cha nchi ya chuo, kikisema chuo hiki kinafuata viwango. Kutambuliwa ni uamuzi wa nchi yako kwamba cheti hicho kinalingana na shahada ya hapa. Tanzania anayehusika ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Rwanda ni Baraza la Elimu ya Juu, HEC. Chuo kinaweza kuwa na ya kwanza, mhitimu akakosa ya pili.

University of the People kilipata ithibati mwaka 2014 kutoka kwa DEAC, chombo kinachoshughulikia masomo ya masafa. Marekani ilikuwa na desturi ya kutofautisha ithibati ya kikanda na ya kitaifa, na kinyume na masikio yanavyotarajia, ya kikanda ndiyo iliyoheshimiwa zaidi. Wizara ya elimu ya huko ilifuta tofauti hiyo kwenye kanuni zake mwaka 2020, lakini ofisi za udahili za vyuo hazifuti desturi kwa siku moja, na wahitimu wenye ithibati ya DEAC peke yake walikuta baadhi ya milango ya uzamili imefungwa. Mwaka 2025 chuo kikapata ithibati ya WSCUC, chombo hicho hicho kinachovipa ithibati vyuo vikuu vikubwa vya California. Ni mabadiliko makubwa, ingawa hayaamui chochote kwa niaba ya TCU wala CUE.

Kuna kikwazo kingine kisichoandikwa kwenye tovuti ya chuo chochote cha nje, nacho ni ngazi uliyopitia. Kwa Tanzania, kuingia shahada ya kwanza moja kwa moja kunahitaji angalau ufaulu wa kiwango cha juu (principal pass) katika masomo mawili ya kidato cha sita, au stashahada inayokubalika. Kwa Kenya kiwango cha chini ni wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Chuo cha Marekani kinaweza kumpokea mtu mwenye cheti cha sekondari tu, kwa kuwa kwao hiyo inatosha. Mtu wa kidato cha nne akamaliza digrii yake kwa jasho, akaja kuomba ulinganifu, akaulizwa: kidato cha sita kiko wapi? Hapo hakuna ujanja. Kwa mtu wa namna hiyo, stashahada kwanza ni njia ndefu inayofika.

Basi kabla ya kulipa hata dola moja, mambo haya yafanywe kwa mpangilio. Kwanza, kitafute chuo kwenye kanzidata ya wizara ya elimu ya Marekani iitwayo DAPIP, si kwenye ukurasa wa chuo chenyewe. Kama chuo ni cha nchi nyingine, tafuta orodha ya serikali ya nchi hiyo. Hatua hii inaonekana ya kupoteza muda mpaka ukumbuke Axact, kampuni ya Karachi iliyofichuliwa na New York Times Mei 2015: ilikuwa na mamia ya tovuti za vyuo vya uongo, na ilitengeneza hata vyombo vya ithibati vya uongo vya kuvitambua vyuo hivyo. Tovuti ilisema ina ithibati, na chombo cha ithibati kilikuwa na tovuti nzuri vilevile. Chuo kinachokuahidi digrii kwa "uzoefu wa maisha" ndani ya wiki chache, achana nacho bila kuuliza la pili.

Pili, iandikie mamlaka ya nchi yako kwa barua pepe. Usiulize "je, mnatambua vyuo vya mtandaoni?" kwa maana utajibiwa jumla jumla. Taja jina la chuo, jina kamili la programu, kwamba masomo ni ya mtandaoni kikamilifu, chombo kilichokipa ithibati, na vyeti ulivyo navyo vya kuingilia pamoja na alama zake. Jibu litakalokuja lihifadhi, kwa kuwa miaka minne ni mingi na maofisa hubadilika.

Tatu, kama kazi unayoitaka ina bodi, iulize bodi hiyo. Shahada ya sayansi ya afya ya mtandaoni haikufanyi muuguzi wala tabibu, maana hakuna wodi uliyokaa. Ualimu unadai mazoezi ya kufundisha, uhandisi unadai maabara, sheria ina mabaraza yake. Usimamizi wa biashara na sayansi ya kompyuta ndizo zinazosafiri vizuri kwa njia hii, hasa kompyuta, ambako mwajiri anaweza kukuwekea tatizo mezani akaona unavyolitatua.

Fedha ambazo hazimo kwenye tangazo

Ada inalipwa kwa dola, mshahara unaingia kwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu na 130. Kozi ya dola 120 iligharimu shilingi 19,200 kwa bei ya kwanza na 15,600 kwa ya pili, na chuo hakikubadilisha chochote. Anayepanga kulipa kozi kwa kozi aweke akiba ya muhula mmoja mbele. Kadi za mtandaoni zinazofunguliwa kupitia M-Pesa zimerahisisha malipo, ingawa viwango vyao vya kubadilishia fedha vinastahili kutazamwa kabla ya kubonyeza.

Bando halitishi kama watu wanavyodhani, ikiwa masomo ni ya maandishi. Video ndiyo inayokula: saa moja kwa ubora wa 480p inamaliza kama nusu giga, na ukiishusha hadi 144p unabaki kwenye megabaiti mia moja hivi. Kompyuta ni lazima. Kwa simu utasoma na utajibu mijadala, lakini kuandika programu au kazi yenye majedwali kwenye kioo cha inchi sita ni kujitesa.

Gharama inayouma kuliko hizi ni ya kurudia. Vyuo vya nyumbani vina sapu, yaani mtihani wa marudio. Huku ukifeli, unasoma kozi upya na kulipa upya. Wastani ukishuka chini ya 2.0 unawekwa chini ya uangalizi, na ukikaa huko unaondolewa, yaani kudisko, tofauti ni kwamba hapa unadisko ukiwa sebuleni kwako na hakuna mtu anayejua.

Inamfaa nani

Kwa mtu wa miaka 30 na kitu mwenye kazi, mwenye stashahada, anayehitaji shahada ili apande daraja au aombe uzamili, na ambaye Kiingereza chake cha kuandika kiko imara, njia hii ni nzuri na hatuoni sababu ya kuionea haya. Kiingereza hicho ndicho kinachopuuzwa mno: wiki nzima ni kusoma na kuandika, na anayetumia saa tatu kwa ukurasa ambao mwenzake anausoma kwa moja, saa zake 15 ni 30.

Kwa kijana wa miaka 18 aliyetoka shule jana, aliyezoea kengele na mwalimu wa kumfuata, tungemwambia aanzie nyumbani. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023 na kuwekwa Konza, kinafundisha mtandaoni chini ya sheria ya Kenya, kwa hiyo suala la kutambuliwa halipo. Kigali kuna mfano mwingine wa kuangaliwa: Kepler, programu ya elimu ya juu iliyoanza 2013 kwa kuchukua masomo ya mtandaoni ya Southern New Hampshire University ya Marekani na kuyazungushia walimu wa hapo hapo, mafunzo ya Kiingereza, kompyuta na usaidizi wa kutafuta kazi. Baadaye ikafika hadi kambi ya Kiziba, penye wakimbizi wengi kutoka Kongo. Kazi hazikupewa A wala B. Ziliandikwa "umemudu" au "bado", na wa "bado" alirekebisha na kuwasilisha tena. Si bei ya dola elfu nne tena, kwa sababu mtu amerudishwa darasani, na fedha za wafadhili ndizo zinazojaza pengo.

Asiye na Kepler karibu anaweza kuijenga kwa udogo. Watu wanne au watano wanaosoma programu moja, hata kama si kozi moja, wakikutana kila Jumamosi asubuhi kwenye maktaba ya mkoa au ofisi ya mmoja wao, wanapata vitu viwili ambavyo chuo cha bei chee hakiuzi: mtu wa kumuuliza papo hapo, na aibu ya kufika bila kazi. Wasifanyiane kazi, maana mtambo unagundua maandishi yanayofanana na adhabu inaanzia sifuri ya kazi hiyo hadi kufukuzwa.

Muhula wa kwanza chukua kozi moja tu, hata kama unaruhusiwa zaidi. Andika saa unazotumia kila siku kwenye daftari. Ikifika wiki ya tatu na daftari linaonyesha saa sita au saba kwa wiki huku kazi zikiingia asubuhi ya Alhamisi, fungua kalenda ya chuo utazame tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila kuharibu wastani, uamue kabla haijapita. Likionyesha saa 14 au 15 na kazi zinaingia Jumanne, jiandikishe ya pili muhula unaofuata.